Daftari moja, waandishi wengi: Yanayotokea ndani ya simu za Guangzhou

Katika mtaa wa Xiaobei, wilaya ya Yuexiu mjini Guangzhou, kusini mwa China, mfanyabiashara aliyetoka Kariakoo au Gikomba huianza siku kwa kufungua simu. Picha ya kiatu inatumwa kiwandani, bei inajibiwa kwa sauti, mteja wa nyumbani anaulizwa kama rangi imempendeza. Sehemu kubwa ya mazungumzo na Wachina hupitia programu ya WeChat, ambayo wenyeji huiita Weixin. Ujumbe mmoja ukipotea, kontena linaweza kuondoka na saizi zisizo zake.

Leo tumeona tuwaeleze wasomaji wetu jambo moja linaloufanya ujumbe huo usipotee, kwani ufumbuzi wake ulitoka katika mji huu huu.

WeChat ni mali ya kampuni ya Tencent yenye makao makuu yake Shenzhen, lakini ilitengenezwa Guangzhou na kikundi kilichoongozwa na Bw. Zhang Xiaolong. Huyu alijulikana kwanza kwa programu ya barua pepe ya Foxmail, ambayo Tencent iliinunua mwaka 2005. WeChat ilianza kutumika Januari 2011, na mwaka 2018 watumiaji wake kwa mwezi walipita bilioni 1.

Kwa mtumiaji, WeChat ni kitu kimoja. Kwa mfumo endeshi, yaani ule unaosimamia programu zote za simu, mambo ni tofauti. Programu inapofanya kazi, mfumo huipa chumba chake cha kumbukumbu, na kazi inayoendelea ndani ya chumba hicho huitwa mchakato. Mchakato mmoja hauruhusiwi kuchungulia chumba cha mwingine. Kwenye simu za Android, WeChat ina michakato kadhaa: mmoja huonyesha mazungumzo, mwingine mdogo hushikilia mawasiliano na seva, na mwingine hufungua kurasa za intaneti. Simu ya bei nafuu ikiishiwa kumbukumbu, Android huua michakato iliyokaa nyuma, hasa ile minene. Ule mdogo hupata nafasi ya kubaki hai na kupokea ujumbe, na ukurasa wa intaneti ukianguka, mazungumzo hayaanguki nao.

Basi kuta zina faida. Lakini watu wa nyumba moja watazungumzaje?

Android ina mjumbe wake aitwaye Binder, ambaye asili yake ni kampuni za Be na Palm kabla ya kuingia Google. Mjumbe huyu ni mwaminifu, ila mzigo wake una kikomo: kila mchakato una nafasi ya takriban megabaiti 1 kwa mizigo yote iliyoko njiani. Kwa vitu vidogo vinavyosomwa mara elfu, kama namba ya ujumbe wa mwisho au chaguo la mtumiaji, kumwita kila mara ni sawa na kumtuma mtoto sokoni kwa kila punje ya chumvi. Njia nyingine za kupitisha data, kama mabomba na soketi, nazo hulazimu data inakiliwe angalau mara mbili.

Wahandisi wa WeChat wakachagua daftari la pamoja. Chombo chao kinaitwa MMKV. Kilianza kwenye simu za iPhone mwaka 2015, wakati maandishi fulani ya ajabu yalipokuwa yakiangusha programu na ikahitajika njia ya haraka ya kuweka hesabu isiyopotea programu inapokufa. Mwaka 2018 kilihamishiwa Android na kutolewa hadharani. Faili moja huunganishwa na kumbukumbu ya michakato yote, hivyo anachoandika mmoja wenzake wanakiona papo hapo bila mjumbe. Mwandishi akifa, mfumo endeshi bado huyapeleka maandishi yake kwenye faili. (Betri ikichomolewa ghafla ni habari nyingine.)

Tufikirie ndugu wawili wenye duka moja na daftari moja la madeni. Wakiandika kwa pamoja kwenye mstari mmoja, deni la mtu linafutika. Kwa hiyo lazima kuwe na kufuli. Hapa ndipo tulipovutiwa zaidi. Kufuli la kawaida la kumbukumbu ni jepesi na lina kasi, lakini kwenye Android lina kasoro kubwa: mchakato ukiuawa huku umelishika, hakuna anayelifungua. Ndugu amekufa na ufunguo mfukoni, na walio hai watangoja mlangoni milele. Katika simu ambayo kuuawa ni jambo la kila saa, hatari hiyo si ya kubuni.

Wahandisi wakarudia kufuli la zamani la faili, la ukoo wa Unix. Lina mapungufu, lakini mwenye kulishika akifa, mfumo endeshi wenyewe huliachia. Mapungufu waliyaziba kwa mikono. Kwa mfano, wasomaji wawili wanaweza kutaka kuandika kwa wakati mmoja, kila mmoja akingoja mwenzake aondoke kwanza. Dawa yao ni kwamba anayekosa nafasi huachia kwanza haki yake ya kusoma, kisha hupanga foleni upya. Na ili kujua kama daftari limeguswa, kila mchakato hukumbuka mahali maandishi yalipoishia na kulinganisha na palipo sasa.

MMKV iko wazi kwa leseni ya BSD, na mtengenezaji wa programu aliyeko Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuichukua bila malipo. Awe mwangalifu tu na jambo moja: hali ya kawaida ya chombo hiki ni ya mchakato mmoja. Anayetaka daftari la pamoja lazima aitaje hali ya michakato mingi anapolifungua, na akisahau, kufuli tulilolieleza halitafungwa.