Mashindano ya Toulon na haraka yetu wazazi

Kila mwaka, Mei inapokwisha na Juni kuanza, timu za taifa za vijana kutoka mabara mbalimbali hukutana kusini mwa Ufaransa kushindana katika kandanda. Wapenzi wa mchezo huo huyaita mashindano ya Toulon, kwa jina la mji wa bandari yalikozaliwa. Leo jina lake rasmi ni la mwanzilishi wake, Maurice Revello, na mechi zake nyingi huchezwa katika miji mingine ya kusini kama Aubagne, Salon-de-Provence na Fos-sur-Mer.

Huenda wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu hawajayasikia. Tumeona vyema tuyaeleze, kwa kuwa yanatoa jibu kwa swali linaloletwa mara kwa mara mbele ya kamati ya msikiti wetu: mwanangu ana kipaji cha mpira, nimpeleke wapi, na lini?

Mashindano hayo yalianza mwaka 1967 yakiwa ya klabu. Yakasimama, yakarejea mwaka 1974, na tangu katikati ya miaka ya sabini yamekuwa ya timu za taifa za vijana. Hayana mechi za kufuzu. Waandaaji hutuma mwaliko kwa shirikisho la soka la nchi, na shirikisho ndilo linalochagua wachezaji na kusafiri nao. Hivyo ndivyo Côte d'Ivoire ilivyofika na kutwaa kombe mwaka 2010, na ndivyo jirani zetu wa Kongo ya Kinshasa walivyocheza huko mwaka 2013. Mwaliko hauji kwa mzazi, wala hauji kwa wakala wa mtaani.

Waliopita hapo

Mwaka 1991 Muingereza Alan Shearer alifunga mabao 7 na kutajwa mchezaji bora. Alikuwa na umri wa miaka 20. Mwaka 2003 Ureno ilitwaa kombe ikiwa na Cristiano Ronaldo, kijana wa miaka 18, na miezi michache baadaye akasajiliwa na Manchester United. Mwaka 2011 Kolombia ilishinda, na mchezaji bora akawa James Rodríguez mwenye miaka 19. Miaka mitatu baadaye aliongoza kwa mabao katika Kombe la Dunia, akiwa na mabao 6. Nayo Mexico iliyoshinda mwaka 2012 ilikwenda London mwaka huohuo ikachukua medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Majina hayo ndiyo yanayowaka vichwani mwa watoto wetu. Lakini tuitazame hesabu kwa upande wake wa pili. Mwaka 2018 zilialikwa timu 12. Ukichukua vijana wapatao 20 kwa kila timu, unapata zaidi ya vijana 200, na kila mmoja wao alikuwa miongoni mwa wateule wa taifa lake. Ni wangapi kati yao ambao majina yao yanatajwa leo vibarazani kwetu? Wengi walirudi makwao wakaendelea na maisha ya kawaida, na mwenye elimu au ufundi mkononi alikuwa na pa kuegemea.

Lipo pia jambo la umri. Vijana tuliowataja walionekana katika uwanja wa kimataifa wakiwa na miaka 18, 19 na 20. Sisi tunamwondoa mtoto shuleni akiwa na miaka 13, na madrasa tumeshamwondoa kabla ya hapo, kwa hofu kwamba akichelewa mwaka mmoja riziki yake imempita. Kipaji kinahitaji mazoezi tangu utotoni, hilo hatulikatai. Mazoezi ya jioni hayajawahi kuhitaji mtoto aache kusoma asubuhi.

Sheria ambayo kila mzazi aijue

Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache, mfano wazazi wake wanapohamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Kwa hiyo anayekuja na kusema atampeleka mtoto wa miaka 15 Ulaya kusajiliwa, na kwamba zinahitajika fedha za viza na tiketi, aulizwe kwanza juu ya kanuni hiyo. Amekuja kwetu mzazi aliyekwisha kuuza kiwanja cha urithi kwa ahadi ya namna hiyo. Wakala alibadili namba ya simu, na kijana hakuondoka hata mkoani.

Baya zaidi ni kughushi umri. Mwaka 2005 timu yetu ya vijana, Serengeti Boys, ilikuwa imekwishafuzu kwenda fainali za Afrika za chini ya miaka 17 nchini Gambia. Iliondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na nafasi ikaenda Zimbabwe. Jasho la kikosi kizima lilipotea kwa ajili ya cheti kimoja. Tangu mwaka 2009 FIFA imekuwa ikitumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono katika mashindano ya chini ya miaka 17. Na hata pasingekuwa na kipimo, mzazi anayeandikisha tarehe ya uongo anajua anachomfundisha mwanawe.

Saumu uwanjani

Wapo wanaouliza: na dini yake itakuwaje huko? Swali hili lina mfano ulio wazi. Mashindano ya mwaka 2017 na ya mwaka 2018 yaliangukia yote ndani ya Ramadhani. Mwaka wa kwanza walikuwapo vijana wa Bahrain, Indonesia na Côte d'Ivoire. Mwaka uliofuata, wa Qatar na Uturuki. Mwezi Juni kusini mwa Ufaransa jua huzama baada ya saa tatu usiku. Msafiri ana ruhusa ya kuchelewesha saumu na kuilipa, na ruhusa hiyo ni rehema. Lakini mwaka 2024 shirikisho la soka la Ufaransa liliwataka vijana walioitwa katika kambi za taifa waahirishe kufunga, na mchezaji mmoja wa timu ya chini ya miaka 19 akaiacha kambi. Kijana asiyejua fiqhi ya safari atayapimaje mambo hayo, akiwa peke yake hotelini na kocha anasubiri jibu? Elimu hiyo ataipata madrasa, kabla hajapanda ndege.

Rai yetu kwa wazazi ni nyepesi kuisema. Kijana abaki shuleni na madrasa hadi amalize. Acheze katika timu inayotambulika, ili ligi za vijana na shirikisho wamwone. Cheti chake cha kuzaliwa kiwe cha kweli. Asilipwe mtu yeyote fedha ya kumpeleka nje. Na baba, hata kwa jioni moja ya wiki, asimame pembeni mwa uwanja, amjue kocha na amjue kila anayekuja kumsifia mwanawe.

Mola awahifadhi watoto wetu, na ajaalie vipaji vyao viwe vya kheri.