Siku moja mu bwato, na bidoni za mama mukwe

Wandugu wa mine, wengi kati yenu muko na familia pembeni ya Luapula ao ya ziwa Mweru. Kila mwaka, shule zikifungwa mu mwezi wa saba, munapakia watoto na mizigo, munaenda. Sisi pia tulienda. Tunaandika hapa juu ya siku moja tu ya safari ile, siku ya bwato, sababu siku ile tulipata haya, na tunafikiri haya ile haiko yetu peke yetu.

Safari ilikuwa ya kurudisha mama mukwe kwao Pweto. Alikuwa amekaa miezi mingi kwa mtoto wake mwanaume kule Kashobwe. Sisi tulitaka kamyo. Yeye akakataa, lakini hakutuambia sisi; munajua heshima ya mukwe na mama mukwe. Akaambia mtoto wake, ndiye bibi yetu: "Ambia bwana yako mi sipande tena kamyo. Mayi haivunjake mugongo." Ikaisha hivyo. Tutapita na bwato mpaka Kilwa, kiisha tutaona.

Saa kumi na moja ya asubuhi tulikuwa kwenye kivuko. Bwato ya mbao, ndefu, motere moja nyuma. Tukahesabu watu 34 pamoja na watoto, magunia ya mihogo, kuku, baiskeli mbili. Jile ya kuokoa watu mu mayi ilikuwa moja tu, na dereva alikuwa ameikalia sawa matandiko.

Pale njo mama mukwe akafungua mzigo wake. Akatosha bidoni nne za manjano, za litre tano tano, tupu, vifuniko vimekazwa na nailoni, kila moja na kamba yake. Watoto wetu wako wanne. Akafunga kila mtoto bidoni kifuani, mmoja baada ya mwingine, bila kusema neno. Watu wakacheka. Na sisi tukacheka, tuseme ukweli. Mkubwa wetu, yuko na miaka 14, alisikia haya mbele ya wasichana, akataka kuitosha. Bibi yake akamwangalia tu. Akaiacha.

Mu bwato hakuna mahali pa kukimbilia ukwe. Ukitaka kukaa mbali na mama mukwe, utakaa na kuku. Tukakaa na kuku.

Chini ya Kashobwe, Luapula haiko tena mto mmoja. Inagawanyika, inaingia mu mafunjo na matete, inakuwa njia nyingi nyembamba, kanali kushoto, kanali kuume, na mgeni hawezi kujua gani inafika ziwani na gani inakufa mu matope. Mafunjo yanapita urefu wa mtu mara mbili. Unasikia watu wanaongea karibu, huwaoni. Kiisha mtumbwi unatokea na mvuvi amesimama, nyavu miguuni, anasalimia na kupotea tena. Upande huu ni Congo, upande ule Zambia, lakini samaki hawana paspoti, na wavuvi nao ni ndugu wa kabila moja.

Mara tatu kipande kizima cha mafunjo kilichokatika kilikuwa kimeziba njia, kinaelea sawa kisiwa. Dereva alizima motere, vijana wakashuka na mapanga, wengine wakasukuma na miti mirefu. Mtoto wetu wa tatu akauliza kama hawa ni wachimbaji. Hakukosea sana. Ni kazi ileile: kufungua njia mahali pasipo na njia.

Wazee wa makambi ya Union Minière watakumbuka samaki wa Kasenga. Ni mayi haya haya. Wafanyabiashara Wagriki walikaa Kasenga, wakanunua samaki kwa wavuvi, wakaweka mu barafu, kamyo ikakimbia mpaka Élisabethville kulisha wafanyakazi wa shaba. Samaki aliyeitwa mpumbu alikuwa anapanda Luapula kutaga mayai, makundi kwa makundi, na nyavu zilikuwa zinamngoja palepale. Kufikia karibu mwaka 1950 mpumbu alikuwa amekwisha. Leo tunakula paka fretins, wale wadogo wanaovuliwa usiku na taa na kukaushwa na jua. Baba zetu walichimba shaba na tumbo limejaa samaki wa hapa. Hatukupata kusikia mtu wa mine akiuliza mvuvi alikufa wangapi.

Karibu saa tano tukaanza kuona mwangaza mkubwa mbele: ziwa. Mweru, ao Moero kama karte za shule zinavyoandika, ni urefu wa kilometa karibu 130, lakini upande huu wa kusini kina chake ni kifupi, na mayi mafupi yakipigwa na upepo yanapanda haraka. Mu mwezi wa saba upepo unatoka kusini-mashariki. Tulipotosha pua tu nje ya matete, mawimbi ya kwanza yakaingia ndani. Ya pili ikalowesha magunia. Watu wakasimama, bwato ikalala upande mmoja, na sisi tukasimama pia, sawa wajinga.

"Baba, ikala chini! Shika mutoto wa mwisho!"

Alikuwa mama mukwe. Mu miaka 16 ya ndoa alikuwa hajatuita hata mara moja moja kwa moja. Tukakaa chini. Wengine pia wakakaa. Dereva akageuza, akaturudisha mu kanali, akafunga bwato kwenye mafunjo. "Leo mayi haiko muzuri. Tunangoya."

Tulingoja zaidi ya saa tatu. Pale ndani mayi yalikuwa kimya kabisa, na juu vichwa vya mafunjo vinalala na upepo. Mama mukwe akaongea, akiangalia mtoto wake, lakini ilikuwa kwetu sote. Vita vilipofika Pweto mu Desemba 2000, watu kwa maelfu walikimbilia Zambia. Wao walipanda bwato usiku, imejaa kupita kiasi. Mtoto wa jirani alianguka mu giza. Mama yake aliita jina lake mpaka ng'ambo. Bibi yetu alikuwa na miaka 12 na alikuwa amekumbatia bidoni ya mafuta ya ngazi, tupu. Miaka yote ya kambi ya Kala, karibu na Kawambwa, mama mukwe hakutupa ile bidoni.

Bibi yetu hakuwa ametuambia habari hii hata siku moja.

Basi, haya yetu ni hii. Sisi ni delege wa sendika. Mtu akitaka kushuka mu karieri bila kaske na bote, tunamrudisha. Code du travail ya 2002 tunaijua, tunaipiga juu ya meza ya wakubwa: usalama wa mfanyakazi ni deni la mwenye kazi. Na watoto wetu wenyewe tuliwapandisha bila kuuliza hata swali moja. Kama si mwanamke mzee, wangepanda na shati tu.

Saa tisa upepo ulipungua. Tukafika Kilwa jua likizama, ng'ambo yake kisiwa chenye jina hilohilo lakini cha Zambia. Ni hapa shaba ya Dikulushi ilikuwa inapakiwa mu barji kuvuka mpaka Nchelenge. Dereva alitaka kuendelea Pweto usiku uleule, na wengine walikubali. Sisi tulikataa. Mama mukwe naye akakubali kamyo, na mugongo wake, mpaka Pweto, pale ziwa linapotoka na kuwa mto Luvua.

Tuliporudi Lubumbashi tuliweka jambo hili mu mkutano wa sendika: watu wa kongé wanunue jile pamoja, zikae ofisini, kila familia inayoenda ziwani iazime na kurudisha. Wengine walicheka sawa vile tulivyocheka kwenye kivuko. Tumeanza na jile sita. Watoto wetu wataenda tena mwaka kesho, na mama mukwe ametuma neno kwa simu, kupitia bibi yetu: zile bidoni nne ni zake, zirudi, zisiwekwe mafuta.