Mbunge aliyekataa kunona

Hebu jiulize: mbunge wako akipewa tiketi ya kwenda Ulaya wiki ijayo, bunge likilipia hoteli na marupurupu, atakataa? Usicheke kwanza. Kuna mmoja aliyekaa bungeni miaka 49 na safari za aina hiyo akazikataa.

Anaitwa Dennis Skinner. Alizaliwa 1932 mjini Clay Cross, kaunti ya Derbyshire huko Uingereza, katika boma la watoto tisa. Babake alikuwa mchimba makaa ya mawe aliyepigwa kalamu baada ya mgomo mkuu wa 1926. Skinner alikuwa mkali darasani, lakini 1949 akaacha vitabu akashuka mgodini kama babake. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na ushee.

Mwaka wa 1964, akiwa na miaka 32, wenzake walimchagua rais wa chama cha wachimba migodi wa Derbyshire. Hakuna aliyewahi kushika kiti hicho akiwa na umri mdogo hivyo. 1970 akaingia bungeni kuwakilisha Bolsover kwa tiketi ya chama cha Leba.

Hapa ndipo wengi hutupotea. Unawajua: jana alikuwa anapuliza firimbi kwenye maandamano, leo yuko ndani ya gari kubwa na kioo kimepandishwa. Skinner alikataa kuchukua mshahara unaozidi wa mchimba migodi. Wachimbaji walipogoma karibu mwaka mzima, 1984 hadi 1985, pesa zake alizipeleka kwa chama chao. Hakunywa kwenye baa za bunge wala hakukaa meza moja na wapinzani wake. Hata ile desturi ya wabunge wawili wa pande pinzani kukubaliana wote wasiende kupiga kura, yeye alisema zii. Kazi ni kazi, unaenda.

Na usidhani alikuwa mtu wa kelele tu. Kanuni za bunge alizijua kama fundi anavyojua spana zake. Mwaka wa 1985 kulikuwa na mswada wa Enoch Powell wa kuzuia utafiti wa viinitete vya binadamu. Skinner akaleta hoja kuhusu uchaguzi mdogo, hoja ambayo kikanuni inatangulia shughuli nyingine, kisha akaongea, akaongea, mpaka muda ukaisha. Mswada ukafa. Anasema hakuna siku anayojivunia zaidi ya hiyo.

Mdomo nao ulimponza mara kadhaa. 2016, akiwa na miaka 84, alimwita Waziri Mkuu David Cameron “Dodgy Dave”, yaani Dave wa njia za panya. Spika akamtaka afute kauli. Mzee akairudia! Akafukuzwa ukumbini siku hiyo yote. Watu walimbandika jina la Mnyama wa Bolsover, na sidhani lilimuudhi.

Lakini tuseme ukweli: hakuwahi kuwa waziri hata siku moja. Ukikataa kupatana na yeyote, hata wa chama chako, hukabidhiwi wizara. Migodi aliyoipigania ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Ukimuuliza kijana aliyezaliwa Bolsover juzi, mgodi ni hadithi ya babu, na kazi iliyopo ni ya bohari, malipo kidogo.

Ndiyo maana kilichotokea Desemba 2019 kinauma. Watu wa Bolsover walikuwa wamepiga kura kwa wingi kutoka Umoja wa Ulaya. Skinner mwenyewe aliunga mkono kutoka, lakini chama chake kikawa kinaahidi kura ya pili ya maoni. Akiwa na miaka 87, akiuguza nyonga baada ya upasuaji, hakuweza kuzunguka kuomba kura. Mgombea wa Conservative alimshinda kwa kura zaidi ya 5,000.

Angeshinda, angekuwa mbunge aliyekaa mfululizo kuliko wote. Matokeo yaliposomwa, hakuwepo ukumbini.