Kijiji Kinachohesabu Ndege wa Mto

Kila mwaka, katika wiki ya tatu ya Julai, mashua sita za makasia huondoka Sunbury, karibu na London, na kupanda Mto Thames hadi Abingdon. Safari ina urefu wa maili 79, sawa na kilomita 127 hivi, na huchukua siku tano. Wapiga makasia wa Mfalme huvaa fulana nyekundu. Kazi yao ni kuwatafuta bata maji, wale ndege weupe wenye shingo ndefu, kuwahesabu, kuwapima na kuwaachia waende zao. Njiani hupita chini ya daraja la chuma la kijiji kinachoitwa Cookham.

Wahenga walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Cookham ni kijiji ambacho kwa zaidi ya miaka elfu moja maisha yake yameandikwa katika daftari la mto. Kila kizazi kimekuja na hesabu yake: askari wa kulinda kisiwa, ushuru wa soko, nafasi za malisho, ndege wa Mfalme. Anayesoma hesabu hizo kwa mpangilio ataona jambo ambalo sisi tunaolilia mila zetu tunapaswa kulitafakari: mila hudumu pale watu wanapoitafutia kazi mpya kazi yake ya zamani inapokwisha.

Tuanze na ardhi yenyewe. Cookham iko katika kaunti ya Berkshire, magharibi ya London, kilomita tano hivi kaskazini mwa mji wa Maidenhead. Ng'ambo ya mto ni kaunti nyingine, Buckinghamshire. Thames ukifika hapa hukabiliwa na kuta ndefu za mwamba wa chokaa zilizofunikwa na misitu ya Cliveden, nao hukunja kona kuelekea kusini. Katika kona hiyo mto hupasuka ukawa mikono kadhaa na kuzaa visiwa: Sashes, Formosa na Odney. Mwaka 1830 ulichimbwa mfereji wenye malango mawili, ambamo maji hujazwa au hupunguzwa ili mashua ipande au ishuke bila kupambana na maporomoko.

Kijiji chenyewe kina sehemu tatu, na kila moja ina tabia yake. Cookham Village, kongwe kuliko zote, imejibana kando ya maji pamoja na kanisa na barabara kuu yenye nyumba za matofali mekundu na mbao nyeusi. Cookham Rise ilikua baada ya reli kufika mwaka 1854. Cookham Dean iko juu kilimani, na zamani ilijulikana kwa mashamba ya matunda, hasa cheri. Kati ya kijiji cha kale na Cookham Rise kuna uwanda wa nyasi uitwao Cookham Moor. Uwanda huo ndio ufunguo wa kuwaelewa watu wa hapa, nasi tutaurudia.

Historia iliyoandikwa ya Cookham inaanza na mwanamke. Katika karne ya 8, eneo kubwa la katikati ya Uingereza lilitawaliwa na Mfalme Offa wa Mercia. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya kumkumbuka mfalme huyu: aliwahi kupiga sarafu ya dhahabu kwa kuiga dinari ya Bani Abbas ya mwaka 157 Hijria, ikiwa na shahada ya Kiislamu kwa maandishi ya Kiarabu na jina la Offa katikati. Mkewe, Cynethryth, naye aliweka historia. Kati ya malkia wote wa zama za Waanglo-Saxon, ni yeye peke yake ambaye sarafu zilipigwa kwa jina lake. Offa alifariki mwaka 796. Mjane huyo akawa mama mkuu wa nyumba ya watawa, na hati ya mwaka 798 inaonyesha kwamba alipewa monasteri ya Cookham katika mapatano ya ardhi kati yake na Askofu Mkuu wa Canterbury.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua monasteri hiyo ilisimama mahali gani. Mwaka 2021 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Reading walichimba kando ya kanisa la Utatu Mtakatifu wakakuta mabaki ya majengo ya mbao, vyungu vya kupikia na mapambo ya kike kama bangili ya shaba na pini ya nguo. Miaka zaidi ya 1,200 baadaye, sala bado zinasomwa hatua chache kutoka pale malkia alipozikimbilia.

Wajukuu wa zama hizo walikuwa na shida nyingine. Watu wa kaskazini, Wavikingi, walikuwa wakipanda mito kwa majahazi na kupora. Mfalme Alfred na mwanawe waliweka mtandao wa ngome, na orodha ya ngome hizo ya mwanzo wa karne ya 10 inataja mahali panapoitwa Sceaftesege. Wanahistoria wanapatambua kuwa ni kisiwa cha Sashes. Orodha inakikadiria kisiwa kwa hesabu ya ardhi iliyotakiwa kutoa watu 1,000 wa kulinda kuta, wanne kwa kila mita tano hivi za ukuta. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza. Ya pili ni ile ya mwaka 1086, Mfalme William Mshindi alipoamuru kila kijiji kiorodheshwe kwa ajili ya kodi. Katika kitabu cha orodha hiyo Cookham ina vinu vya maji, mahali pa kuvulia samaki, na soko jipya. Kisiwa cha vita kikawa jirani wa gulio. Leo Sashes ni majani na miti tu.

Sasa turudi kwa bata maji. Haki ya Mfalme juu ya ndege hawa ilianza katika karne ya 12. Sababu yake haikuwa huruma: bata maji alikuwa nyama ya karamu, na kumwandaa mezani kulikuwa ni kuonyesha ukubwa. Katika karne ya 15 vyama viwili vya wafanyabiashara wa London, kile cha wauza divai na kile cha watia nguo rangi, vilipewa ruhusa ya kuwa na bata wao ndani ya Thames. Kwa hiyo kila mwaka ilibidi watoke pamoja, wawakamate vifaranga kabla hawajaruka, waangalie wazazi ni wa nani, kisha wawachanje chale mdomoni: moja kwa watia rangi, mbili kwa wauza divai. Wa Mfalme waliachwa bila chale. Ilikuwa kama wafugaji wanavyotia ng'ombe wao alama kabla ya kuwachanganya malishoni.

Nyama hiyo imekwisha kuliwa zamani. Leo bata maji analindwa na sheria, na chale zimeachwa kwa sababu zinamtesa ndege. Bata wa vyama vile viwili hutambuliwa kwa pete mguuni. Lakini safari haikufa. Anayeona familia ya bata kwanza hupaza sauti, na mashua zote huizingira polepole, huibana ukingoni, kisha mikono yenye uzoefu humnyanyua kila ndege na kumfunga miguu kwa kamba laini. Vifaranga hupimwa uzito na urefu, hukaguliwa kama wamejeruhiwa na ndoano au nyuzi za wavuvi, kisha familia yote hurudishwa majini pamoja. Namba zao huingia kwenye taarifa ya mwaka. Kati ya miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1980 bata maji wa Thames walipungua mno, na sababu kubwa ilikuwa vipande vya madini ya risasi ambavyo wavuvi walikuwa wakifunga kwenye nyuzi: ndege humeza, risasi humtia sumu. Mwaka 1987 vipande vingi vya aina hiyo vilipigwa marufuku, na ndege wakaanza kuongezeka. Hesabu iliyoanzishwa kwa ajili ya meza ya wakubwa imekuwa hesabu ya daktari.

Kwa Cookham, jambo hili ni la nyumbani. Ukoo wa Turk, mafundi wa mashua waliokuwa na karakana yao kando ya daraja, ulitoa watunzaji wa bata wa ufalme, baba na mtoto, hadi mwaka 1993. Daraja lenyewe lina hadithi yake. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko. Mwaka 1840 likajengwa la mbao, na mwaka 1867 likaja hili la chuma. Kila aliyepita alilipa ushuru, hadi mwaka 1947. Kibanda cha mtoza ushuru bado kipo pale mwanzoni mwa daraja.

Chini ya daraja hilo ndipo mtoto wa kijiji, Stanley Spencer, alipokuwa akitazama bata wakibebwa kwenda nchi kavu. Spencer alizaliwa mwaka 1891 katika nyumba iliyo kwenye barabara kuu. Alipokwenda kusoma sanaa London alirudi nyumbani kila jioni kwa treni, hata wanafunzi wenzake wakampa jina la utani: Cookham. Mwaka 1915 alianza kuchora picha ya bata wakitolewa mtoni. Vita Kuu ikamwita, akahudumia majeruhi hospitalini, kisha akapelekwa Makedonia. Ndugu yake Sydney aliuawa mwaka 1918. Aliporudi, picha ilikuwa inamsubiri chumbani, haijakamilika. Aliimaliza mwaka 1919. Ukiitazama leo katika jumba la Tate huko London, utaona bata amefungwa ndani ya mfuko akibebwa na mtu, shingo yake ikichomoza nje, na maji ya Thames yamekolea giza kama yanajua yaliyotokea.

Miaka michache baadaye akachora siku ya ufufuo, na kiyama chake akakiweka katika makaburi ya kanisa lilelile la Utatu Mtakatifu. Majirani wanainuka kutoka makaburini bila hofu, kama watu wanaoamka usingizini. Kati yao amewachora pia Waafrika, wanatoka katika udongo uliokaukia juani. Kwa Spencer, kijiji kimoja kilitosha kuwa dunia nzima, na mlango wake ulikuwa wazi kwa wote. Wanakijiji walimzoea akisukuma kigari cha mtoto kilichojaa rangi, brashi na turubai, akitafuta pa kukaa achore. Alifariki mwaka 1959. Mwaka 1962 kanisa dogo la Wamethodisti, ambamo mama yake alikuwa akimpeleka utotoni, lilifunguliwa kuwa jumba la picha zake. Kile kigari kimo humo ndani. Hapo napo, jengo lilibaki kwa kupewa kazi mpya.

Turudi uwandani kama nilivyoahidi. Cookham Moor, Cock Marsh, Widbrook na Odney ni ardhi za pamoja. Tangu enzi za kati, mwenye ardhi alikuwa bwana wa eneo, lakini wanakijiji walikuwa na haki ya kulisha mifugo yao humo. Ng'ombe bado wanachungwa Widbrook na Cock Marsh. Mwaka 1934, mji wa Maidenhead ulipokuwa ukipanuka, ardhi hizo ziliwekwa mikononi mwa shirika la hifadhi la National Trust ili zisigawanywe viwanja. Ndiyo maana hadi leo mtu anayefuata njia ya miguu ya Thames hupita kati ya ng'ombe, akaingia moja kwa moja katika ua wa kanisa, mahali ambapo kwingineko nchini humo angekuta ukuta na geti la mtu binafsi.

Uwanda huo una kazi nyingine ambayo hakuna anayeweza kuilipia: huupokea mto unapofura. Katika mwaka 1947, na tena mwanzoni mwa 2014, Thames ulipanda ukageuza malisho kuwa ziwa. Wazee walijua tabia hiyo, wakainua njia ya miguu kukatisha uwanda ili watu waweze kuvuka kati ya kijiji cha kale na Cookham Rise maji yakiwa pande zote mbili. Kama uwanda huo ungejengwa nyumba, maji yangeingia vyumbani. Wajukuu wa wachungaji wanaokolewa na haki ya ng'ombe wa babu zao.

Ukingoni mwa uwanda umesimama mnara wa kumbukumbu ya vita. Kila Novemba watu hukusanyika mbele yake kuwakumbuka vijana ambao hawakurudi. Mwaka 1922 Spencer alichora picha ya uzinduzi wake. Na kwenye barabara kuu kuna jiwe kubwa ambalo wenyeji huliita Tarry Stone. Maandishi yake yanakumbusha kwamba michezo ya kijiji ilifanyika penye jiwe hilo kabla ya mwaka 1507. Magari yanapinda kando yake, nalo limekaa.

Sisi tunasema mwacha mila ni mtumwa. Methali hiyo ni ya kweli, lakini mara nyingi tunaitumia kama kufuli, tukidhani kuitunza mila ni kuifungia isiguswe. Watu wa Thames wangeendelea kuwachanja bata midomo kwa ajili ya karamu, wangekuwa leo hawana bata wala karamu. Waliacha kisu, wakashika mizani, na safari ikabaki ileile: mto uleule, mashua za makasia, fulana nyekundu. Mila yetu yoyote inayoelekea kufa, iwe ya jando, ya shamba au ya bahari, inastahili kuulizwa swali hili kabla hatujaizika: inaweza kufanya kazi gani leo?

Siku ya kuhesabu, watoto wa shule hualikwa kando ya mto. Wanaoneshwa kifaranga wa rangi ya kijivu, ambaye bado hajavaa weupe wa wazazi wake, akiwa mikononi mwa mtu mwenye fulana nyekundu. Wanaambiwa uzito wake, wanaelezwa hatari ya nyuzi zinazotupwa ovyo, kisha wanatazama anavyorudishwa majini kumfuata mama yake. Kesho mmoja wao ndiye atakayeiona familia ya kwanza kwenye kona ya mto, na apaze sauti.