Ukitoka posti ya usiku

Asubuhi mapema mabasi ya wafanyakazi yanarudi Kolwezi, na batu wa posti ya usiku wanashuka macho mekundu. Kila mutu ana dawa yake ya kuchoka. Huyu anapita kwanza ku baa, Simba mbili ama lutuku kidogo, "juu nilale". Yule anashika jembe, anaenda shamba. Mwingine anafika nyumba, anaanguka kitandani na viatu.

Tuanze na ile ya chupa, maana ndiyo inapendwa zaidi. Pombe inaleta usingizi mbio, hatukatai. Lakini kisha saa chache inaukata: mutu anaamka na kiu, kichwa kinagonga, na jioni basi linamungoja. Ni huyo huyo atapewa usukani wa kamyo kubwa kuliko nyumba yake.

Usingizi wa mchana wenyewe ni mwepesi, sababu mwili unajua kama jua limetoka. Basi unaomba musaada. Blanketi ku dirisha, simu izimwe, bukari kidogo tu mbele ya kulala. Kahawa inywewe posti ikianza, si ikikaribia kwisha. Na watoto? Hapa mama wa nyumba anabeba kazi isiyolipwa: kunyamazisha batoto, maji, soko, na yeye pia hakulala vizuri akingojea mlango ufunguke. Baba, ukiamka, shika mtoto saa moja, mama naye apumzike.

Kuna uzito ambao usingizi hautoi: deni, feza ya masomo, maneno ya kapita. Mwaka 1953, kule Ruwe, Padri Placide Tempels alianzisha Jamaa kati ya wafanyakazi wa mgodi. Bwana na bibi walifundishwa kufunguliana moyo. Si lazima uwe wa Jamaa kwa kumuonyesha bibi yako karatasi ya mshahara. Wengi wanaificha, na deni linakua gizani.

Tena, si kila uchovu ni wa kuvumilia. Sheria ya kazi ya 2002 inaweka saa 45 kwa juma, 9 kwa siku. Zikipita, andika siku na saa ku kikaratasi, peleka kwa wajumbe wa sendika.

Mchimbaji wa mikono hana kapita wala kikaratasi. Anachimba mpaka mfuko ujae. Yeye, ni wenzake wa shimo tu ndio wanaweza kumuambia: ndugu, panda, lala kwanza.