Je, Wajua? Kichezeo cha Finchi ni Unyasi

Je, wajua kwamba kizimba kirefu kwenda juu ni kizimba kidogo? Finchi huruka kwa kwenda mbele, kutoka kijiti hadi kijiti, na nafasi iliyo juu ya kichwa chake haimfaidi sana. Vile vizimba vyembamba vyenye paa la mnara hupendeza dukani, na vinatoshea vizuri kwenye kona ya sebule ya fleti ya Kahawa Wendani, Kenya. Lakini ndege aliye ndani akipiga mabawa mara mbili tu keshafika kwenye waya. Pima upana, achana na kimo. Kwa jozi moja ya finchi wa Australia, yule mdogo mwenye mdomo mwekundu na milia ya pundamilia mkiani, anza na sentimita 75 kutoka ubavu hadi ubavu. Ukiweza kufika mita moja, bora zaidi. Kizimba cha duara kiache palepale dukani. Hakina kona, na ndege mdogo akiogopa hutafuta kona ya kujibanza.

Wakazi wengi wa Wendani, Githurai na Ruiru hawanunui kizimba kilichotoka ng'ambo. Wanamwendea fundi wa jua kali, naye anauliza swali moja: waya gani? Usikubali waya wa kuku wenye matundu ya inchi nzima. Finchi wa Australia ana uzani wa gramu 12 hivi, na mwili mwingi unaouona ni manyoya; palipopita kichwa, mwili utapita, na usipopita atanasa hapo. Kinachofaa ni wavu wa matundu ya nusu inchi kurudi chini. Katika ukanda huu uliokuwa mashamba ya kahawa kabla ya fleti kusimama, wavu huo haukosekani kwenye maduka ya hadiwea: ni ule wa kutengenezea meza za kuanikia kahawa, ambao wengine huuita kofi-trei.

Kuna tahadhari moja. Waya huo hupakwa zinki ili usishike kutu, na ukiwa mpya huwa na chembechembe zilizoganda kwenye maungio. Ndege akizidonoa na kuzimeza, zinki humtia sumu. Usugue wavu wote kwa brashi na siki, uusuuze kwa maji mengi, uuanike juani, ndipo umwingize ndege. Na kwa kuwa milango midogo ya kuteleza hufunguka kirahisi, ibane kwa kibanio cha nguo. Ukiweka kizimba kwenye veranda ya nyumba ya chini, simamisha miguu ya meza ndani ya mikebe ya maji. Siafu wakimkuta ndege usiku ndani ya kizimba, hana pa kukimbilia.

Je, wajua kwamba kuna finchi wa Kenya anayecheza ngoma kwa miguu, tena kwa kasi ambayo jicho la binadamu haliwezi kuifuata? Ni mmoja wa wale ndege wadogo wa samawati wanaookota mbegu chini katika nchi kavu za Kenya, Tanzania, Somalia na Ethiopia. Dume wake ana kichwa cha samawati chote. Kwa miaka mingi wafugaji walimwona akimtongoza mwenziwe kwa kuruka-ruka juu ya kijiti huku akiimba, unyasi mmoja ukiwa mdomoni, wakadhani hayo ndiyo yote. Mwaka 2015 Nao Ota na Masayo Soma wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, pamoja na Manfred Gahr wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani, walimpiga picha kwa kamera ya fremu 300 kwa sekunde. Waliporudisha picha polepole waligundua kwamba kila anaporuka, miguu yake hupiga kijiti mara kadhaa kwa mfululizo. Hucheza dume, hucheza jike pia, jambo ambalo si la kawaida kwa ndege waimbaji. Na hatua huzidi mwenzi anapokuwa kwenye kijiti kilekile, labda kwa sababu mtikisiko humfikia miguuni. Mwaka 2018 watafiti hao wakaongeza jingine: wapenzi hawa hucheza zaidi wakitazamwa na ndege wengine.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu linajibu swali ambalo kila mnunuzi huuliza: nimnunulie vichezeo gani? Kasuku hutafuna, hufungua makufuli, hugeuza kengele kwa mdomo na mguu. Finchi hana haja na hayo. Mdomo wake ni wa kumenya mbegu, mguu wake ni wa kushika kijiti. Kengele, ngazi za plastiki na vioo humwibia nafasi ya kuruka. Mpe kijiti kirefu ambacho wawili wanaweza kukaa bega kwa bega. Mpe nyasi kavu za urefu wa kidole, azibebe na kuzipanga. Ning'iniza shuke zima la mawele au la wimbi, alifanyie kazi kabla ya kula. Weka bakuli pana la maji yenye kina cha sentimita mbili au tatu aoge, na ulitoe jioni. Bembea moja nyepesi haina ubaya ikikaa pembeni. Uzi, nywele na pamba ya kushonea usivitie kamwe, kwa kuwa hujizungusha kwenye vidole vya mguu hadi damu ikakatika.

Vijiti navyo vinastahili neno. Vile vya plastiki vinavyokuja na kizimba vina unene mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mguu unaoshika unene uleule kutwa kucha huota vidonda. Kata matawi ya mpera au mforosadi, membamba na manene kidogo, yasiyopuliziwa dawa, uyaoshe na kuyafunga kwenye ncha mbili za kizimba. Katikati pabaki wazi.

Je, wajua kwamba dume wa finchi wa Australia hufundishwa kuimba na baba yake? Jike haimbi. Kinda wa kiume husikiliza, hujaribu, hukosea, na katika miezi mitatu hivi ya kwanza wimbo humkaa kichwani. Baada ya hapo habadilishi tena. Wanasayansi wanaochunguza jinsi watoto wanavyojifunza kusema huwatumia finchi hawa sana, na mwaka 2010 ndege huyu akawa wa pili duniani, baada ya kuku, kusomwa jenomu yake. Chiriku wa manjano wa Visiwa vya Kanari ana ajabu yake: katika miaka ya 1980 Fernando Nottebohm alionyesha kwamba ubongo wa chiriku mzima huendelea kuzaa seli mpya, wakati ambapo wengi waliamini jambo hilo haliwezekani.

Ndege wa namna hii ni wa kundi. Kumweka finchi mmoja peke yake na kumpa kioo ni kumnyima anachokihitaji kuliko chakula kizuri. Nunua wawili, au usinunue.

Je, wajua kwamba finchi anaweza kufa njaa kikombe chake kikiwa kimejaa? Humenya kila mbegu na kuangusha ganda papo hapo. Ukitazama kwa mbali unaona kikombe kimefurika, kumbe ni makapi matupu. Kila asubuhi kipulize kwanza.

Jikoni ndiko kwenye hatari kubwa, na fleti zetu nyingi hazina ukuta wa maana kati ya jiko na sebule. Mapafu ya ndege hupitisha hewa upande mmoja kwa msaada wa vifuko vya hewa, kwa hiyo huvuna oksijeni vizuri kutushinda, na huvuna sumu vizuri kutushinda pia. Mskoti John Scott Haldane alilielewa hilo mwishoni mwa karne ya 19, akapendekeza wachimba makaa washuke migodini na chiriku. Ndege akilegea, watu watoke mbio kabla gesi ya kaboni monoksidi haijawaangusha. Uingereza ilianza kuwastaafisha chiriku hao mwaka 1986 tu, mashine ziliposhika nafasi yao. Baridi ya Julai inapoingia Ruiru na watu wakaingiza jiko la makaa ndani, ndege ndiye atakayeanguka kwanza, kisha mtoto. Toa jiko nje kwa ajili yao wote wawili. Sufuria na kikaangio chenye utando usioshika chakula nacho, kikisahauliwa motoni bila kitu ndani, hutoa mvuke ambao mtu huenda asiuhisi lakini huua ndege walio chumbani kwa muda mfupi. Weka kizimba mbali na jiko, kwenye ukuta usiopigwa na upepo wa dirisha, kwa usawa wa macho yako.

Na parachichi? Murang'a jirani hutupatia tunda hili kwa wingi, na ukarimu humsukuma mtu kummegea ndege kipande. Usimpe. Mti huo una kemikali iitwayo pasini, ambayo huharibu moyo na mapafu ya ndege. Mpe jani la sukuma wiki lililooshwa, au mbegu za terere zikiwa bado kwenye shuke.

Je, wajua kwamba kifaa bora cha madini hutoka baharini? Lile gamba jeupe, jepesi, la mviringo wa yai unaloliokota kwenye mchanga wa Malindi au Diani ni mfupa wa ndani wa dome, jamaa wa ngisi. Umejaa kalsiamu, na jike anayetaga akiukosa mayai huwa laini na huweza kumkwama tumboni. Ukienda pwani, okota, loweka siku kadhaa ukibadilisha maji, anika, kisha ubane kwenye waya. Asiyefika pwani achemshe maganda ya mayai ya kuku, ayakaushe na kuyaponda. Kazi ni ileile.

Kuna kitu ambacho wafugaji wa Ulaya hununua na sisi tumepewa bure: mwanga. Majira ya baridi huko mchana hufupika mno, wakalazimika kuwasha taa zenye saa ili ndege wapate muda wa kula. Wendani iko digrii moja hivi kusini mwa ikweta, na mchana wake hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima. Tunachopaswa kununua sisi ni kitambaa. Mahali hapa pako zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai upepo wa veranda hupenya. Funika pande tatu, acha mmoja wazi.

Joto nalo lina habari yake. Mwaka 2016 Mylene Mariette na Katherine Buchanan walitangaza kwamba finchi wa Australia, hewa ikipita nyuzi 26 na mayai yakikaribia kuanguliwa, huyaitia mayai kwa mlio maalumu. Makinda waliosikia mlio huo ndani ya ganda walikua na miili midogo kuliko wenzao, umbo linalofaa nchi ya joto.

Usifikiri, hata hivyo, kwamba kila kizimba kinahitaji kiota. Finchi hawa wametoka katika nchi kame ambako huzaa pindi mvua na mbegu zinapopatikana. Chakula kikiwa hakiishi na kiota kipo, watazaa mfululizo hadi jike achoke kabisa. Mayai huanguliwa baada ya majuma mawili hivi, na makinda hukomaa kwa miezi mitatu. Fanya hesabu kabla ya kutundika kile kikapu kidogo.

Sasa la mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Mitaa ya Wendani ina finchi wake. Tongo wa rangi ya shaba hutua kwa makundi kwenye nyasi za viwanja visivyojengwa, na hujenga viota vya kulalia hata wasipokuwa na mayai. Ndege wa samawati mwenye doa jekundu shavuni huokota mbegu kando ya ua. Hao si wa kuuzwa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kumnasa au kumfuga ndege wa porini bila kibali. Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, na Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa ndege wa porini mwaka 2005 kwa hofu ya homa ya ndege, kisha ukaufunga moja kwa moja mwaka 2007. Biashara ya kunasa bado ipo: mwaka 2021 abiria aliyetoka Guyana alikamatwa katika uwanja wa JFK, New York, akiwa na finchi 35 ndani ya rola za nywele, wakipelekwa kwenye mashindano ya kuimba. Na wanaotoroka vizimbani huacha alama: wale kasuku wadogo wa kijani wanaokatiza Naivasha ni kizazi cha ndege wa kufugwa, asili yao ni Tanzania.

Anayetaka kuwajua finchi wa porini ana njia nyingine. Shirika la Nature Kenya, lililoanzishwa mwaka 1909, lina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Nairobi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971. Au weka sahani ya mawele na bakuli la maji dirishani.

Basi unapokwenda kununua, muulize mwuzaji swali hili kwanza: huyu alizaliwa kizimbani au alinaswa? Akisita, au akikuonyesha ndege wa samawati mwenye doa jekundu shavuni, usimlipe hata shilingi. Ondoka, kisha uliarifu Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS).