Kipandauso Hakilali: Utangulizi

Jirani yangu wa Yamumbi, viungani mwa Eldoret, anauza mboga. Saa kumi alfajiri huwa keshatoka na gunia lake la sukuma wiki, anangoja boda boda ya kumpeleka sokoni Eldoret. Asubuhi moja alinisimamisha langoni, leso ameikaza kichwani kama bendeji, jicho la kulia limefumba nusu.

"Daktari, hebu nisaidie. Hii kichwa ndiyo inaninyima usingizi, ama ni kukosa usingizi ndiko kunaniletea kichwa?"

Nikamwambia mimi si daktari wa sindano, ni daktari wa chaki.

"Basi nichoree."

Kurasa hizi ni huo mchoro, na msomaji ambaye hajawahi kufungua kitabu cha ubongo anakaribishwa. Swali la mama huyu limewashughulisha wataalamu miaka mingi, na kwa maoni yangu linakwama kwenye lile neno "ama".

Tuanze na jina, maana Kiswahili kilikwisha kutufanyia nusu ya kazi. Kipandauso ni kitu kinachopanda usoni. Ubongo wenyewe ukiguswa hausikii maumivu. Kinachouma ni utando unaoufunika na mishipa ya damu iliyo ndani yake. Utando huo unahudumiwa na neva ya tano ya fuvu, ambayo ina matawi matatu: la paji la uso, la shavu na la taya. Ni neva ya uso, basi. Utando ukilalamika, paji na jicho ndivyo vinavyosikia. Waliobuni neno hilo hawakumpasua mtu, ila walikuwa wamekaa na wagonjwa wakatazama vizuri.

Kwa mtu mzima, shambulio lisilotibiwa huchukua saa 4 hadi 72. Mara nyingi huuma upande mmoja, likipiga kama ngoma, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga na kelele. Duniani wanaougua ni watu kama bilioni moja, na wanawake wanawazidi wanaume mara mbili hadi tatu.

Kukosa usingizi nako kuna mpaka wake. Anayeamka saa tisa usiku kwa sababu ya biashara amenyimwa usingizi na kazi. Ugonjwa ninaouzungumzia ni wa yule aliye na kitanda na nafasi ya kulala, lakini macho yako kodo, angalau usiku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi. Jirani yangu ana vyote viwili, ndiyo maana daktari asiyemuuliza vizuri atakosea. Na Yamumbi yenyewe inajua kukesha: mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, wengi walikimbia nyumba zao, na uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukajaa mahema. Hadi leo wapo ambao mbwa akibweka usiku wa manane, kwao ndiyo asubuhi.

Sasa tuingie ndani ya kichwa. Mwaka 1917 daktari Constantin von Economo wa Vienna alieleza ugonjwa wa ajabu wa kuvimba ubongo. Wagonjwa wengine walilala mfululizo, wengine hawakuweza kulala kabisa. Alipochunguza ubongo wa waliokufa, akaona tofauti iko kwenye haipothalamasi, kipande cha gramu 4 hivi kilicho chini katikati ya ubongo. Walioumia sehemu yake ya mbele walikuwa wamekosa usingizi. Walioumia nyuma walikuwa wamezama usingizini. Leo tunajua kwamba mbele kuna seli zinazozima na nyuma kuna seli zinazowasha, nazo hukaa kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao: huyu akipanda, yule anashuka. Miongoni mwa zinazowasha ni seli za oreksini, kemikali iliyogunduliwa mwaka 1998.

Haipothalamasi hiyohiyo hushughulikia njaa, kiu, joto la mwili na saa ya mwili. Muulize mwenye kipandauso siku moja kabla ya maumivu ilikuwaje. Wengi watakwambia walipiga miayo bila sababu, walitamani kitu chenye chumvi au sukari, walikwenda haja ndogo mara kwa mara, usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Orodha hii ni kama daftari la kazi za haipothalamasi. Na nyuzi zake hushuka hadi kwenye shina la ubongo, pale neva ya tano inapopokelewa.

Mwaka 2016 Laura Schulte na Arne May wa Hamburg walichapisha kazi ninayoipenda kuliko zote katika uwanja huu. Walimpiga mgonjwa mmoja picha za ubongo kila siku kwa siku 30, wakingoja kichwa kije chenyewe. Kilikuja mara tatu. Katika saa 24 za mwisho kabla ya maumivu, haipothalamasi ilikuwa tayari imebadili mwenendo wake na kuungana kwa namna nyingine na kituo cha neva ya tano. Mgonjwa ni mmoja tu, kweli, na mtu mmoja si watu wote. Lakini kazi hiyo inatupa wazo zito: huenda ule usiku mbaya wa jana haukuleta kichwa. Huenda ulikuwa kichwa chenyewe, kimeanza kabla hakijauma.

Ushahidi wa pili wa undugu huu wa usingizi na kipandauso ni wa kurithi. Mwaka 2013 wachunguzi walieleza familia ambazo watu wake husinzia mapema jioni na kuamka kabla ya jogoo, tena wakiugua kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Hitilafu ilikuwa kwenye jeni moja la saa ya mwili. Wa tatu ni mwanga. Jichoni kuna seli chache ambazo kazi yake si kuona, bali kuiambia saa ya mwili kama ni mchana au usiku. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba vipofu wenye seli hizo zikiwa hai bado huumizwa na mwanga wakati wa kipandauso.

Je, mshale wa chanzo na matokeo unakwenda upande mmoja? Nchini Norway, watu waliofuatiliwa kwa miaka 11 walionyesha kwamba wasiolala vizuri walipata maumivu ya kichwa zaidi baadaye, na wenye maumivu ya kichwa wakaja kukosa usingizi zaidi. Huku kwetu mtego unakazwa na chai. Ubongo ukiwa macho hulimbikiza adenosini, inayoleta usingizi, nayo kafeini huizuia. Chai ya saa mbili usiku bado iko damuni usiku wa manane, na vidonge vingine vya dukani vya kichwa vina kafeini ndani. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi anaweza kupata kichwa kinacholetwa na dawa zenyewe.

Mwaka 2007 Anne Calhoun na Sutapa Ford walijaribu jambo jepesi kwa wanawake 43 wenye kichwa cha karibu kila siku: wakati wa kulala usiobadilika, kitanda kisicho na televisheni, hakuna kulala mchana, chakula cha jioni muda wa saa nne kabla ya kulala. Kwa waliofuata maagizo hayo, kichwa kilipungua, na kwa baadhi yao kikawa cha vipindi. Mimi nayaamini, ila jaribu kumwambia mtu wa Yamumbi ale ugali saa kumi na moja jioni.

Jirani yangu nilimpa daftari la shule la kurasa 32 aandike kila siku, nikamwonya kwamba kichwa cha ghafla kupita kiasi, au chenye homa na shingo ngumu, si cha daftari, ni cha hospitali. Baada ya wiki tano alilileta limelowa maji ya mboga. Ukurasa mmoja ulisema: Jumapili, miayo kanisani, nimetaka chumvi, usiku sijalala. Jumatatu, kichwa. Neno "Jumatatu" alikuwa amelikata kwa kalamu nyekundu, na mshale umerudi nyuma hadi kwenye miayo.